Utoto wa Ndege na Kadi ya Kliniki

Katika msitu wa Kiwengwa-Pongwe, kaskazini mashariki ya Unguja, makinda huruka viotoni bila kadi ya kliniki. Hakuna aandikaye kama kinda alishiba au alilala njaa. Ni mwili wake unaohifadhi kumbukumbu hiyo.

Kumbukumbu ya namna hii imesomwa vyema katika Bahari yetu ya Hindi, kwenye kisiwa kidogo cha Cousin, Shelisheli. Huko yuko ndege mdogo mla wadudu. Mwaka 1968 walibaki wasiozidi 30 duniani. Kwa kuwa ni nadra mno kuhama kisiwa, watafiti humvisha pete, humtoa damu kidogo, kisha humfuatilia hadi kufa. Katika damu hupima telomea, yaani ncha zinazozilinda kromosomu kama pindo lizuiavyo nguo kufumuka. Ncha hizo hufupika kwa kasi zaidi utotoni. Njaa, maradhi na msongo huweza kuzidisha kasi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kuwa ndege wenye telomea fupi hufa mapema kuliko wenzao wa umri mmoja.

Na binadamu? Mwaka 1989 David Barker na wenzake walitumia madaftari ya wakunga na wauguzi wa Hertfordshire, Uingereza, yaliyoanza 1911. Wanaume waliokuwa wepesi zaidi walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Mizani na kalamu tu!

Mwenye shinikizo la damu asiione habari hii kuwa hukumu: hizi ni hesabu za makundi, na chumvi, tumbaku na dawa bado zina uzito wake. Ila kadi ya mtoto isitupwe aanzapo skuli; daktari wake wa miaka 50 ijayo ataihitaji.