Tabia ya Mtu na Kazi ya Chama: Jinsi ya Kumpima Mwombaji

Katika vyama vingi vya msingi, siku ya kumwajiri katibu au karani wa mizani huenda hivi: waombaji watano au sita huitwa mbele ya kamati mmoja mmoja, kila mmoja huulizwa maswali machache, na baada yao wajumbe hutazamana na kukubaliana kwamba yule wa tatu ndiye afaaye. Mara nyingi huyo ni yule aliyesema vizuri. Alisalimu kwa adabu, hakusita katika kujibu, akawachekesha wazee. Msimu ukiisha, vitabu havilingani, nakala za stakabadhi za wakulima hazionekani, na mkaguzi wa hesabu afikapo hakuna awezaye kumweleza sawasawa mazao yaliyopokewa na yaliyosafirishwa. Si lazima pawe na wizi. Huenda karani yule ni mtu mwaminifu kabisa, ila hana utaratibu, na kamati haikumpima kwa jambo hilo.

Saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, imelishughulikia suala hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, mtaalamu Robert Woodworth alipewa kazi ya kutunga maswali ya kuwatambua askari ambao nafsi zao zisingestahimili vishindo vya mizinga. Vita vilikwisha kabla maswali hayo hayajatumika ipasavyo, lakini fikra ya kupima tabia kwa karatasi ilibaki, ikahamia viwandani na maofisini. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi kubwa ya Kiingereza, wakakusanya maneno karibu 18,000 yanayotumika kumweleza mtu alivyo. Wataalamu waliofuata waliyachambua maneno ya namna hiyo, na wengi wao wakaafikiana juu ya mafungu makuu matano: uchangamfu, upole wa kuelewana na watu, utulivu wa moyo, udadisi wa mambo mapya, na bidii yenye utaratibu.

Fungu hili la mwisho ndilo linalohusu chama zaidi. Mwaka 1991 Murray Barrick na Michael Mount walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizowahusu mameneja, polisi, wauzaji, mafundi na wenye taaluma. Bidii yenye utaratibu iliambatana na utendaji mzuri katika makundi yote. Uchangamfu ulisaidia hasa kwa mameneja na wauzaji, ambao kazi yao ni kukabiliana na watu. Hata hivyo uhusiano huo si mkubwa kiasi cha kuwa hukumu: tabia hueleza sehemu tu ya kazi ya mtu, na ujuzi, mafunzo na usimamizi hueleza sehemu nyingine kubwa.

Kuhusu uongozi, uchunguzi wa Timothy Judge na wenzake wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba uchangamfu humsaidia mtu kuonekana kiongozi kuliko unavyomsaidia kuongoza vema. Mwaka 2011 Adam Grant, Francesca Gino na David Hofmann walitoa matokeo ya uchunguzi wa maduka 57 ya piza nchini Marekani. Pale wafanyakazi waliposubiri kuagizwa, meneja mchangamfu alileta faida zaidi; pale wafanyakazi wenyewe walipokuwa na mawazo na kuyatoa, meneja mkimya alimshinda, kwa kuwa hakuona mawazo yao kuwa ushindani. Chama cha ushirika, ambacho wenye mali ndio wasemaji mkutanoni, kina kila sababu ya kuutazama mfano huu wa pili.

Je, basi kamati inunue karatasi za maswali ya tabia? La. Kwanza, baadhi ya karatasi hizo zenye sifa kubwa hazikukusudiwa kazi hiyo. Ile ya Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, inayowagawa watu katika aina 16, wachapishaji wake wenyewe wamesema isitumike kuchagulia waajiriwa. Pili, vipimo hivi vilikua hasa kwa watu waliosoma wa nchi tajiri. Rachid Laajaj na wenzake walipovichunguza katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, waliona kwamba maswali yakiulizwa ana kwa ana mara nyingi hayapimi yale yanayodaiwa kupima. Sababu mojawapo ni kwamba watu wengi huitikia ndiyo kwa kila kauli. Na mwombaji kazi gani ataandika kwamba yeye ni mvivu?

Njia iliyo bora haihitaji fedha. Mapitio ya Paul Sackett na wenzake ya mwaka 2022 yaliyaweka mbele mahojiano yaliyopangwa: maswali yaleyale kwa kila mwombaji, yatokanayo na kazi yenyewe, na kila mjumbe akiandika alama zake kabla ya mashauriano. Swali lihusu jambo lililotendeka. Badala ya kuuliza, "Je, wewe ni mwangalifu?" ni afadhali kuuliza, "Eleza siku mkulima alipokataa uzito uliouandika. Ulifanya nini?" Kisha mwombaji apewe stakabadhi 20 na ukurasa wa daftari la mazao, makosa mawili yakiwa yamewekwa humo kwa makusudi, aketi peke yake nusu saa. Asiyeyaona hatayaona wakati wa msimu, foleni ikiwa ndefu mlangoni. Karatasi za alama zihifadhiwe pamoja na muhtasari wa kikao, hasa pale mmoja wa waombaji anapokuwa ndugu wa mjumbe.

Kwa karani aliyekwisha kuajiriwa, mwenye kupendwa na watu lakini asiye na utaratibu, kumfukuza si dawa ya kwanza. Mtu huyo hufaa sana katika kuandikisha wanachama wapya na kuwapelekea wakulima habari za bei, daftari likashikwa na mwingine. Pale ambapo chama kina mwajiriwa mmoja tu, mabadiliko hayo hayawezekani. Hapo mweka hazina na mjumbe mmoja hawana budi kuketi naye kila Jumamosi ya msimu na kulinganisha stakabadhi na daftari kabla mizani haijafungwa.