Mtoto Amezaliwa, Nani Anamlipia?

Watu wa Mulekera, hapa Beni, wanakumbuka matibabu ya bure ya wakati wa Ebola, mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 ukaisha Juni 2020. Bure ile ilikuwa na mwisho, na faktiri zikarudi. Kwa hiyo mtu akisikia leo kwamba kuzaa ni bure, anauliza kwanza: bure mpaka lini?

Ana haki ya kuuliza. Mpango wa uzazi bila malipo ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na umekuwa ukipelekwa majimboni kwa awamu. Anayelipa hospitali ni Mfuko wa Mshikamano wa Afya. Sezareni imo, na mtoto mchanga anatibiwa mpaka siku 28.

Siku hizo za kwanza zina maana yake, kwa mama na kwa mtoto. Kina mama wengi wanaofariki kwa kutokwa na damu hufariki ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Mtoto naye anaweza kuacha kunyonya leo, kesho kitovu kinatoa usaha. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae kituoni walau saa 24, kisha apimwe tena pamoja na mtoto kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Anayeogopa faktiri huondoka mapema, na harudi.

Na wenye mutueli ya afya, lile sanduku ambalo wanachama huchangia ili litibu wanaougua? Kadi huhesabu vichwa, na mtoto ni kichwa kipya. Uliza kabla ya uchungu: kadi ya mama inamfunika mtoto kwa muda gani, na anaandikishwa lini? Tena usingoje mimba ifike miezi saba ndipo uingie. Mutueli nyingi zina muda wa kungoja, na si uchoyo: watu wakiingia siku ya kuugua tu, sanduku litakauka.

Lakini mama aliyekimbia vita kule Eringeti akaacha shamba lake, mchango atautoa wapi? Hapo mutueli haina jibu. Serikali ndiyo inayopaswa kulipa.

Jambo moja msiliahirishe, wazazi: cheti cha kuzaliwa. Mtoto huandikishwa kwenye komine bure ndani ya siku 90. Zikipita, itabidi mkatafute hukumu ya mahakama.