Ngoma ya vita ndani ya mwili

Mtu akichomwa na mwiba mchafu, kesho yake kidole ni chekundu, kimevimba, kina joto, kinauma. Alama hizo nne alikwisha kuziandika Celsus, Mroma wa kale. Wengi wetu twadhani kwamba mikrobi ndio waletao hayo yote. Sivyo: mara nyingi ni kazi ya mwili wenyewe.

Mwili wajuaje kwamba adui ameingia? Chembe nyeupe za damu zina protini zilizo kama walinzi wa mlango. Mmoja wao huitwa TLR4. Huyu hutambua mafuta fulani ya ganda la mikrobi, kama wale wa tifoidi. Akiyagusa, hupiga ngoma: chembe hutoa protini nyingine za kuita msaada, mishipa hupanuka, homa hupanda. Mwaka 1998, kule Marekani, Bruce Beutler na wenzake walionyesha kwamba panya fulani hawadhuriwi na sumu ya mafuta hayo, kwa sababu TLR4 yao imeharibika. Je, tuseme heri yao? Hapana! Jamaa ya mikrobi wa tifoidi wakiwaingia hai, huwaua upesi.

Lakini ngoma isiyonyamaza nayo huua. Kwa hiyo chembe hutoa pia protini iitwayo IL-10, ambayo kazi yake ni kutuliza. Panya waliokosa IL-10, walipoambukizwa kijidudu cha toksoplasma, walikufa. Si kwa kuwa vijidudu vilizidi, bali kwa kuwa vita vya mwili wao havikukoma.

Basi, tufikiri juu ya dawa kama deksametazoni, inayonyamazisha ngoma hiyo. Mwaka 2020, kule Uingereza, walijaribu kuwapa wagonjwa wa Korona. Kati ya wale waliopumua kwa mashine, vifo vilipungua karibu theluthi moja. Wale wasiohitaji oksijeni hawakupata faida. Dawa ni ile ile, lakini saa ya ugonjwa si moja.

Ndiyo sababu tukimwona ndugu akinunua vidonge hivyo sokoni kwa kila homa, tusinyamaze. Homa itashuka, naye atajiona amepona, kumbe mikrobi wanazidi kuongezeka ndani, na walinzi wamezibwa kinywa. Tumpeleke kwanza kwa munganga, atafute adui ni nani.