Ubaguzi Machoni pa Mtoto

Leo nataka tuzungumze juu ya Tom Robinson na kosa lililomponza. Sina maana ya lile aliloshitakiwa nalo.

Tom ni mtu wa kubuni. Yumo katika riwaya ya Mmarekani Harper Lee, *To Kill a Mockingbird*, iliyotoka mwaka 1960 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mahali ni mji mdogo wa Maycomb, jimbo la Alabama, katika miaka ya 1930, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa ndiyo sheria. Tom ni kibarua Mweusi, mwenye mke na watoto, na mkono wake wa kushoto ulilemazwa na mashine ya pamba. Anashitakiwa kumbaka msichana wa Kizungu, Mayella Ewell. Anayetusimulia ni Scout, binti wa wakili anayemtetea Tom. Hadithi inapoanza hajatimiza miaka sita.

Kwa nini mwandishi alimpa mtoto kazi hiyo? Wengi husema ni kwa sababu mtoto hana ubaguzi. Mimi sikubaliani nao. Scout anao, na tunamwona akiupokea. Siku yake ya kwanza shuleni, kaka yake anamkaribisha nyumbani kwa chakula cha mchana Walter Cunningham, mtoto wa mkulima fukara. Walter anamimina asali ya miwa juu ya nyama na mboga. Scout anamshangaa kwa sauti. Hapo Calpurnia, mpishi wa nyumba, mwanamke Mweusi, anamwita jikoni na kumkaripia: mgeni ni mgeni, awe nani. Kisha anamwamuru amalizie chakula chake huko huko jikoni. Tazama nani anamfundisha nani! Baadaye Scout anapotaka kumwalika Walter tena, anayekataa ni shangazi yake, mwanamke wa heshima anayewapenda jamaa zake. Kwake yeye, Walter ni takataka. (Nasi mjini tunazo nyumba ambamo mtoto hukatazwa kucheza na mtoto wa mpangaji wa uani, tena na mama anayempenda kweli.)

Na mahakamani je? Akina Ewell wanaishi karibu na jalala la mji. Baba ni mlevi, watoto hawasomi. Hakuna Mzungu aliye chini yao. Walichobaki nacho ni rangi tu. Tom anaulizwa kwa nini alikuwa akimsaidia Mayella kazi bila malipo. Anajibu kwamba alimwonea huruma. Basi, yamekwisha! Mtu Mweusi kumhurumia Mzungu ni kujiweka juu yake, na hilo Maycomb haisamehe. Majeraha ya Mayella yanaonyesha kuwa aliyempiga alitumia zaidi mkono wa kushoto, ule ambao Tom hawezi kuutumia. Jopo linamtia hatiani vivyo hivyo.

Rafiki yake Scout, mvulana aitwaye Dill, anaangua kilio kwa jinsi mwendesha mashitaka anavyomsemesha Tom kwa dharau. Inabidi atolewe nje. Scout anamtuliza kwa kumwambia kwamba, kwani, huyo si mtu Mweusi tu? Anayasema hayo binti wa wakili mwenyewe, bila chuki yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa kitabu kizima.

Lakini jicho la Scout lina mipaka yake. Machungu ya nyumba ya Tom tunayasikia kwa mbali. Ndiyo maana namshauri msomaji aendelee na riwaya ya Toni Morrison, *The Bluest Eye*, ya mwaka 1970, ambayo matukio yake yako Lorain, Ohio, mwaka 1941. Humo msimulizi ni Claudia, msichana Mweusi wa miaka tisa. Krismasi anapewa mwanasesere wa Kizungu mwenye macho ya buluu, na wakubwa wanangoja afurahi. Yeye anamkongoa kiungo kimoja kimoja, atafute ndani yake huo uzuri ambao dunia nzima inausifu. Wakubwa wanamgombeza huku machozi yakiwalenga, kwa maana wao utotoni walimtamani mwanasesere kama huyo wasimpate.