Kisomo cha Wanawake na Mgawanyo wa Kazi: Funzo la Kwamsisi

Ukimwuliza kada kijana namna ya kufuta ujinga miongoni mwa wanawake, mara nyingi atajibu kwa haraka: serikali ifungue madarasa, Chama kihamasishe, wanawake wataingia. Jibu hili ni nusu ya ukweli. Madarasa yalikwisha kufunguliwa katika nchi yetu kwa wingi ambao nchi chache za Afrika ziliufikia, na wanawake waliingia. Linalotupasa kulichambua ni lile lililowapata baada ya kuingia.

Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata TANU iliazimia kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchini ifikapo mwisho wa 1975. Mtihani wa taifa ulifanyika Agosti 1975, na mamilioni ya watu waliufanya. Hesabu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma walibaki asilimia 39 mwaka huo, asilimia 27 mwaka 1977, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Kwa watoto, Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimu mzazi kumpeleka shule mtoto wa kike sawasawa na wa kiume. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na asiyeukubali hajui tulikotoka.

Lakini tuangalie ndani ya darasa lenyewe. Wanawake walijiandikisha wengi kuliko wanaume. Hata hivyo kujiandikisha si kuhudhuria, na kuhudhuria si kufuzu. Mwanamke wa kijijini aliamka kabla ya jua, akaenda shamba, akarudi na kuni, akatafuta maji, akatwanga, akapika, akaogesha watoto. Kisha, jua likiwa linapungua, ndipo aliitwa darasani. Mume wake naye aliitwa saa hiyo hiyo, ila yeye alitoka barazani. Kwa hiyo watu wawili walioketi ubao mmoja hawakuwa wanafunzi wa hali moja. Mwalimu mwenyewe aliligusa jambo hili mwaka 1967 katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, aliposema kwamba wanawake walifanya kazi zaidi ya sehemu yao ya haki, shambani na nyumbani. Basi kisomo cha wanawake ni suala la mgawanyo wa kazi kabla hakijawa suala la vitabu na chaki.

Hapo ndipo Kwamsisi inapotusaidia. Kijiji hiki cha Handeni, katika nchi ya Wazigua, kilichaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuwa mahali pa kujaribia shule ya jamii, kwa ushirikiano na Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Nadharia yake ilitoka katika Elimu ya Kujitegemea: shule isiwe kisiwa, masomo yatokane na shughuli na matatizo ya kijiji, wanakijiji wawe na sauti katika kupanga yanayofundishwa. Jaribio hilo lilitoa njia kwa mpango mpana zaidi wa serikali pamoja na UNESCO na UNICEF, uliojulikana kama MTUU, uliozipeleka fikra hizo katika shule nyingine nchini.

Fikra hiyo ilikuwa sahihi. Lakini ndani yake kulikuwa na mkinzano ambao makada wengi waliupita bila kuuona. Kama masomo yanatokana na maisha ya kijiji yalivyo, na maisha hayo yamekwisha kumpa msichana mtungi na kinu, shule inaweza kumfundisha kwa ustadi mzuri kazi zile zile zinazomfunga. Katika shule za namna hii wazazi wengi walihofu kwamba watoto wao wangekosa nafasi za sekondari. Baadhi yetu walikuwa wepesi kuiita hofu hiyo kasumba ya kikoloni. Sisi tunaona kwamba kwa mzazi wa binti hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa kijana wa kiume aliyebaki kijijini alibaki na jembe na baraza, lakini dada yake alibaki na jembe, kuni, maji na ndoa ya mapema.

Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilikuwa na kasoro ya namna hiyo hiyo. Mradi ulioanza Mwanza mwaka 1968 ulifundisha kusoma kupitia pamba, ndizi, uvuvi na ng'ombe. Kwa wanawake kulikuwa na maarifa ya nyumbani. Uji wa mtoto ni jambo la maana sana, hatubishi. Lakini aliyelima pamba alikuwa mwanamke pia, na bei ya pamba aliisoma nani?

Kuba, mwaka ule ule wa 1961 ilipoendesha kampeni yake ya kisomo, ilianza pia kufungua nyumba za kulelea watoto wachanga. Wenzetu walitambua kwamba kalamu haishikiki vizuri mtoto akiwa mgongoni.

Hatua za karibuni zinapaswa kupimwa kwa kipimo hicho. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na hadi kidato cha sita mwaka 2022. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 vinapingana na Katiba. Hatua hizi zinafungua mlango. Binti aliyezaa akirudi darasani, mtoto wake anabaki na nani? Mara nyingi na bibi yake, yaani mwanamke mwingine, ambaye naye labda hajui kusoma.

Kwa hiyo kada anayekwenda tawini kukagua kisomo asiridhike na daftari la mahudhurio. Aulize kisima kiko umbali gani, mashine ya kusaga iko wapi, darasa linaanza saa ngapi na nani aliyeichagua saa hiyo. Aulize pia, mbele ya wanaume, nani anapika siku ya darasa.