Motokari inakunywa kuliko zamani: tupime mbele ya kugombana

Mu Kolwezi, mu Likasi na mu Lubumbashi, utakuta motokari mingi ya taksi ambayo mwenyewe ni mtu wa mine. Baba amepata dekonte yake, ao ameweka feza pembeni mwezi kwa mwezi, kisha ameagiza Toyota ndogo ya usukani wa kuume. Yeye anarudi ku zamu yake, motokari anaiachia shemeji ao mtoto wa ndugu yake aendeshe. Kila jioni shofere analeta versema. Mafuta anajinunulia mwenyewe, na kinachobaki njo chakula cha watoto wake.

Siku moja versema inaanza kupungua. Shofere anasema: "Mukubwa, motokari inakunywa sana. Mafuta ya feza ya zamani haifikishe tena." Mwenye motokari ananyamaza, lakini mu roho anawaza: huyu ananiibia. Mama wa nyumba yeye anaona tu kama minervali ya watoto haijatimia. Hapo undugu unaanza kuharibika, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu kupima.

Sisi tunasema: mbele ya kumfukuza shemeji, na mbele ya kumpa fundi feza ya kubadilisha vyuma, tuulize motokari yenyewe. Inajibu vizuri, tukijua kuiuliza.

Kupima kwa kujaza mara mbili

Shindano ya mafuta ku tablo inadanganya, juu tanki haina umbo moja toka juu mupaka chini. Njia ya kweli ni hii. Jaza tanki mupaka pompa ikate yenyewe mara ya kwanza. Usimwache pompisti aongeze. Andika kilometa. Tembea siku zako za kawaida. Kisha rudi ku pompa ileile, jaza tena namna ileile, na andika litri zilizoingia. Gawanya litri kwa kilometa, zidisha mara 100.

Tuseme zamani ulikuwa unaweka litri 24 kwa kilometa 300: hiyo ni litri 8 kwa kilometa 100. Leo inaingia litri 33 kwa njia ileile: ni litri 11. Shofere anayefanya kilometa 150 kwa siku anapoteza litri 4 na nusu kila siku. Sasa unaelewa versema ilienda wapi. Fanya hesabu hii mara tatu, juu mara moja tu inaweza kudanganya.

Kama umeweka mipira mikubwa kuliko ya mbele juu ya barabara mbaya ya mine, angalia vizuri. Mupira mukubwa unazunguka mara chache, kwa hiyo konta inaandika kilometa chache kuliko zile ulizotembea kweli. Motokari itaonekana inakunywa, kumbe ni konta inayohesabu vibaya.

Inapotea mu njia, ao pa kulala?

Hili swali linaokoa undugu. Jaza tanki jioni, laza motokari pa lupango, na asubuhi uende ku pompa ileile. Isipokuwa zile litri kidogo za kwenda ku pompa, mafuta isipungue. Ikipungua, motere haina kosa: kuna mutu anayevuta usiku, ao tanki na mipira ya mafuta inavuja. Weka karatoni safi chini ya motokari usiku kucha, tone litajionyesha. Ukisikia harufu ya esansi, usitafute kwa kibiriti wala kwa buji ya nta. Tumia tochi.

Kama usiku haipotei kitu, basi inapotea mu njia. Tunaendelea.

Anzia chini

Vitu vya bei ndogo njo vya kwanza. Mupira wenye hewa kidogo unalalia barabara, na motere inasukuma zaidi. Hewa inayotakiwa imeandikwa ku karatasi iliyobandikwa pa mulango wa shofere. Kwa motokari ndogo mingi ni karibu bari 2,2. Mwambie kwado apime asubuhi, mipira ikiwa baridi, si nyuma ya safari.

Kisha freni. Freni inayoshika haipigi kelele kila mara. Nyuma ya safari ya dakika 20, pitisha mukono karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Gurudumu moja likitoa moto kupita yale mengine, freni yake haiachii. Kunyoosha kipande hicho ni kazi ndogo. Kukiacha ni kuchoma mafuta na kuhatarisha watu.

Vumbi na baridi

Kila mutu hapa kwetu anasema: "Ni filtre ya hewa, juu ya mavumbi ya mine." Ni kweli nusu. Mu motokari za kisasa za esansi, zile za injeksyo, kompyuta inapima hewa inayoingia na inapunguza mafuta sawa na ile hewa. Filtre chafu inaondoa nguvu, lakini kwa mafuta tofauti ni ndogo. Ku dizeli ya zamani isiyo na kompyuta ni mambo mengine: utaona moshi mweusi, na mafuta inaenda bure. Safisha ao badilisha filtre, lakini usifikiri umemaliza.

Kuna kitu kingine ambacho sisi wenyewe tunaharibu: kalorstati. Fundi anaitoa na kusema: "Huku kwetu joto ni mingi, haina kazi." Lakini kalorstati njo inayofanya motere ipate joto lake haraka na ikae nalo. Ukiitoa, motere inabaki baridi, na kompyuta inadhani motokari imewashwa sasa hivi, inaendelea kuongeza esansi. Mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi ya asubuhi mu Lubumbashi inaweza kushuka chini ya digri 10, hasara inaongezeka. Kama shindano ya joto haipandi mupaka katikati nyuma ya kilometa kumi, uliza kama kalorstati iko pa nafasi yake. Na kama motokari ilikuwa inachemka, dawa ni kutafuta sababu ya kuchemka, si kutupa kalorstati.

Taa ya njano

Mashofere wengi wanazoea taa ya motere ku tablo mupaka hawaioni tena. Wengine wanaibandika karatasi. Ile taa mara nyingi inaita jina la sonda lambda, kipande kidogo mu njia ya moshi kinachoambia kompyuta kama esansi ni nyingi ao ni kidogo. Kikifa, kompyuta inamwaga bila kipimo. Ikiwa mbaya sana, motokari inaweza kupoteza hata 40 kwa 100. Buji iliyochoka nayo inaacha esansi itoke bila kuwaka. Usibahatishe: tafuta fundi mwenye skaneri, mulipe kusoma kosa peke yake, kisha amua.

Na mafuta yenyewe? Siku za ukosefu tunanunua kwa bakadhafi, mu bidoni na mu chupa. Litri ya chupa si litri ya pompa kila mara. Na esansi iliyochanganywa na petroli ya taa inafanya motere igonge na kukosa nguvu. Jaza mara mbili ku stasyo unayoamini. Hesabu ikirudi sawa na zamani, umepata jibu bila kufungua chuma hata kimoja.

Usisahau mukono wa shofere. Motere inayosimama ikiwaka, kungojea mukiliya ao nyuma ya makamio, inaweza kunywa karibu nusu litri mupaka litri 1 kwa saa bila kwenda mbele hata metre moja. Mifuko ya makala juu ya paa inaongeza uzito, na inashika upepo.

Kakaye kadogo mu motokari

Tununue kakaye kadogo, kakae mu motokari. Tarehe, kilometa, litri, feza, na kila kipande kilichobadilishwa. Shofere anaandika, mwenye motokari anasoma mwisho wa juma, wote wawili wakiwa wamekaa pamoja. Kakaye kakionyesha kama litri 8 zimekuwa 11, shemeji hakusema uongo, na versema ishushwe mupaka motokari itengenezwe. Kakionyesha kama litri ni zilezile za zamani, basi tutauliza mambo mengine, na tutayauliza kwa heshima, juu tutakuwa na hesabu mukononi.

Mafuta yetu inatoka mbali, inapita Kasumbalesa, na kila litri inalipiwa kwa jasho la mutu wa zamu. Kuihesabu si ubahili.