MANENO MAREFU YA KIINGEREZA NA NJIA YA KUYATAFUTA

Kijana wa Dodoma, Kongwa au Manyoni amalizapo shule ya msingi, mara nyingi huwa amefundishwa masomo yake yote kwa Kiswahili. Aingiapo kidato cha kwanza huyakuta masomo yale yale yameandikwa kwa Kiingereza, na katika kitabu cha elimu ya viumbe hukutana na neno kama photosynthesis, lenye herufi 14. Wengi hujaribu kulikariri herufi moja moja, na baada ya juma moja limekwisha kuwapotea. Basi twataka kueleza jinsi maneno hayo marefu yalivyoungwa, na jinsi mtu awezavyo kutafuta neno refu lenye herufi fulani; kwani ajuaye la kwanza hupata la pili bila taabu.

Na tuanze nyumbani. Neno wasipotutembelea lina herufi 16, wala hakuna mtoto aliogopaye. Sababu ni kwamba sikio lake hulipasua mara moja: wa, si, po, tu, kisha tembelea. Atakaye kulitafuta katika kamusi haendi penye W. Huvivua viambishi vya mbele kama mtu avuaye maganda ya hindi, akafika penye tembea. Hata jina la Dodoma, wazee husimulia kwamba latokana na neno la Kigogo Idodomya, lenye maana ya kuzama, kwa habari ya tembo aliyezama matopeni. Nalo katika kutumiwa limepoteza ile i ya mbele.

Kiingereza nacho huunga maneno vipande vipande, lakini msomaji na aangalie tofauti mbili. Ya kwanza, silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, ila Kiingereza huzisonga konsonanti pamoja. Neno strengths, maana yake nguvu, lina herufi 9 na irabu moja tu. Kwa hiyo yafaa kuzijua herufi zisafirizo pamoja, kama th, gh na str. Na herufi q, ambayo Kiswahili hakiitumii, ni nadra kutembea bila u nyuma yake. Ya pili, kamusi ya Kiingereza hufuata herufi ya kwanza ya neno, ijapokuwa ni ya kiambishi. Basi mtu atafutaye neno lenye herufi fulani katikati, akifunua kurasa zote atachoka bure.

Njia iliyo bora ni kuanza na ncha mbili za neno. Kwanza tazama mwisho: -tion, -ness, -able, -logy. Kisha tazama mwanzo: un-, re-, inter-. Mwisho tafuta kitakachojaza katikati.

Kwa mfano, mtu ameulizwa neno lenye irabu zote tano, kila moja mara moja tu. Akichagua mwisho wa -tion, amekwisha kupata i na o. Amebakiwa na a, e na u. Hapo si mbali kufika kwenye education, yaani elimu. Tena, ameulizwa neno la herufi 15 lisilorudia herufi hata moja. Aweke un- mwanzoni, yenye maana ya kukanusha, na -able mwishoni, ambayo kazi yake yakaribia ile ya -eka na -ika katika someka na pandika. Zimebaki herufi 9, nazo zatimizwa na copyright, yaani haki ya kunakili. Neno zima ni uncopyrightable: kisichowezekana kuwekewa haki ya kunakili.

Ukiona ph, au y katikati ya neno refu la elimu, mara nyingi ujue kwamba asili yake ni Kiyunani. Katika photosynthesis, photo ni nuru, na synthesis ni kuunganisha. Ndiyo kazi ya jani la mtama shambani: kwa nuru ya jua huunganisha maji na hewa likapata chakula chake. Wataalamu wa Kiswahili nao wamefuata mwendo huo huo walipounda usanisinuru.

Neno refu kupita mengi katika kamusi za Kiingereza lina herufi 45, nalo liliundwa Marekani mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo. Ni hili: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Msomaji asikimbie, bali alipasue. Pneumono ni mapafu. Ultra ni kupita kiasi. Microscopic ni kidogo hata hakionekani ila kwa hadubini. Silico ni madini yaliyomo katika mchanga na mawe magumu. Volcano ni mlima wa moto. Coni ni vumbi. Na osis ni hali ya ugonjwa. Maana yake ni ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi laini la mawe.

Neno hilo lilitungwa kwa mchezo, lakini ugonjwa wa vumbi la mawe si mchezo. Madaktari huuita silicosis, na herufi zake 9 zimo zote katika lile neno refu. Mawe ya matale yaliyojaa katika nchi yetu ya kati yana madini hayo, na apasuaye mawe au kuchimba mwamba mkavu miaka mingi huvuta vumbi lake. Mapafu yakiisha kuharibika hayaponi, na kifua kikuu huyaingia kwa urahisi. Kinga yake ni kulowesha jiwe kwa maji kabla ya kulipasua, kukaa upande utokako upepo, na kuvaa kizuia vumbi kifaacho puani na kinywani.

Basi kijana ajuaye kwamba silico ni jiwe na osis ni ugonjwa, aweza kuisoma karatasi ya hospitali aliyopewa baba yake mpasua mawe, akamweleza maana yake siku ile ile.